Kawa la ukindu lapanda darini, bei ya fundi yabaki sakafuni

WAFANYABIASHARA wanaotafuta bidhaa ya kupeleka kwenye mahoteli na maduka ya mapambo, bila kugongana na shehena za Kariakoo, wanaweza kuitazama upya kazi ambayo akina mama wa bonde la Kilombero wameifanya miaka mingi bila kuiita biashara: kusuka ukindu. Safari hii kinachotafutwa si mkeka wala kikapu, bali kifuniko cha taa.

Kamusi inakiita chengeu, neno ambalo sokoni halisikiki. Madukani ni kava la taa, au shedi. Mtu wa pwani akionyeshwa umbo lake hatasita kuliita kawa, kwa sababu ndilo lile lile kawa la kufunikia chakula mezani: pana chini, jembamba juu, limesukwa kwa ukili ulioshonwa kwa kuzungusha. Tofauti ni kwamba limetobolewa kileleni ili waya upite, na badala ya kukaa juu ya sinia la pilau linaning'inia darini.

Tofauti nyingine ni bei. Kawa la jikoni huuzwa kwa bei ya jikoni. Kawa hilo hilo likiwekewa fremu na kutundikwa kwenye duka la mapambo la Masaki, Dar es Salaam, au kwenye mapokezi ya hoteli ya Zanzibar, hupanda mara kadhaa. Swali ambalo mnunuzi na fundi wote wanapaswa kulijibu ni nani anakula hiyo tofauti.

MKULA NA JIRANI ZAKE

Mkula iko kando ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara, chini ya milima ya Udzungwa. Wengi wa wakazi wake ni wakulima wa mpunga na miwa. Skimu ya umwagiliaji ya mpunga na kiwanda cha sukari cha Kilombero ndivyo vinavyoamua fedha zinapatikana lini. Kazi ya mikono huja baada ya shamba, na hilo mnunuzi wa mjini mara nyingi hulisahau.

Kwa upande wa usafiri, hali imebadilika. Barabara ya Kidatu–Ifakara, kilomita 66.9, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, sasa ni ya lami na ilizinduliwa mwaka 2024. Reli ya TAZARA nayo inapita bondeni tangu miaka ya 1970. Kwa bidhaa nyepesi lakini kubwa kwa umbo kama kifuniko cha taa, lami ina maana kubwa kuliko kwa gunia la mchele. Gunia likirushwa juu ya lori halipindi. Fremu ya waya hupinda.

Kuna jambo ambalo wazee wa eneo hili hawajalisahau. Kituo cha umeme cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kiliwashwa mwaka 1975, lakini kwa miaka mingi nyaya zake zilipita juu ya vijiji vya jirani vilivyokuwa vikitumia koroboi. Leo umeme umefika vijiji vingi, kwa hiyo mnunuzi wa kifuniko cha taa si lazima awe mtalii. Nyumba za wageni za Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na hoteli za Ifakara nazo zina dari zinazoning'iniza balbu tupu.

KAZI YENYEWE

Ukindu ni majani machanga ya mkindu, yanayokatwa kabla hayajafunguka. Huanikwa hadi yapauke, huchanwa kuwa nyuzi za upana mmoja, na zinazotakiwa rangi huchemshwa kwenye sufuria ya rangi. Baada ya hapo husukwa ukili, utepe mrefu, ambao ndio hushonwa kuwa mkeka au kawa. Anayeuona mkeka uliokamilika anadhani kazi ilikuwa kusuka. Msukaji anajua kwamba nusu ya kazi imeishia kwenye kuchana: uzi mmoja ukiwa mpana kuliko mwenzake, ukili unapinda, na mwanga wa balbu unaonyesha kasoro ambayo juu ya mkeka isingeonekana kamwe.

Hapo ndipo kifuniko cha taa kinapokuwa kazi ngumu kuliko mkeka. Mkeka hutazamwa kwa mwanga unaoangukia juu yake. Kifuniko hutazamwa kwa mwanga unaotoka ndani. Kila tundu, kila kiungo cha uzi, kila mahali mshono uliporuka huchorwa ukutani kwa kivuli. Msukaji hodari hulitumia hilo: huacha matundu kwa mpangilio ili ukuta upate nakshi. Msukaji mwenye haraka hupata madoa.

Fremu ni kazi ya fundi mwingine. Pete mbili za waya wa chuma, moja ya juu na moja ya chini, na miguu mitatu au minne inayoziunganisha. Mafundi wa kuchomelea wapo Ifakara na Mang'ula, na wengi wamezoea madirisha na mageti. Waya mwembamba wa kifuniko huwaka na kukatika mkononi mwa aliyezoea nondo. Fremu isiyopakwa rangi hushika kutu, na kutu huonekana kwenye ukindu kabla mwaka haujaisha, hasa pwani.

Si lazima kila kifuniko kiwe cha ukindu. Ifakara kuna kikundi cha wanawake wafumaji wanaofuma vitambaa vya pamba kwa mikono, na kitambaa kizito kilichofumwa hivyo hukaa vizuri kwenye fremu ya mviringo. Iringa, ng'ambo ya milima, vikapu vya milulu vimekwisha kupata jina na vingine hugeuzwa kichwa chini kuwa taa. Hapo hapo Iringa, karakana ya Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, ilionyesha kwamba hata kinyesi cha tembo kinaweza kuwa karatasi ya kuuzika. Bonde la Kilombero halina upungufu wa malighafi za aina hiyo: majani ya mpunga huchomwa kila baada ya mavuno.

BALBU NA HOLDA

Hofu ya zamani ya kuweka majani makavu karibu na balbu ilikuwa na msingi. Balbu ya uzi ya wati 60 ilikuwa jiko dogo. Balbu za LED za wati 7 au 9 zimeondoa sehemu kubwa ya hofu hiyo, na bila shaka ndizo zilizofanya taa za majani zienee duniani. Hata hivyo anayeuza anashauriwa kuandika kwenye lebo kwamba kifuniko ni cha LED tu. Lebo hiyo ni karatasi ya senti chache. Moto hotelini ni hasara ya aina nyingine kabisa.

Tundu la juu limewatia hasara wengi. Holda ya kuzungusha, inayotumika sehemu kubwa ya Ulaya, inahitaji tundu la milimita 40 hivi. Holda ya pini, iliyozoeleka Uingereza, inahitaji tundu la milimita 29 hivi. Fundi asiyeambiwa kipimo hufanya tundu kwa kukisia, na mzigo mzima hukataliwa kwa kosa la sentimita moja. Dawa ni mnunuzi kuacha holda moja kijijini kama kipimo. Mchoro kwenye simu hautoshi.

HESABU YA MFANO

Hesabu ifuatayo ni ya kufundishia tu, si bei ya soko la wiki hii. Tuseme kifuniko kimoja cha kipenyo cha sentimita 40 kinakula ukindu wa sh. 3,000, rangi sh. 1,500, waya sh. 2,500, kuchomelea sh. 2,000, uzi sh. 500 na usafiri sh. 1,500. Jumla ni sh. 11,000.

Mnunuzi anakuja na kusema atatoa sh. 15,000, na anaona ametoa vizuri kwa sababu mkeka mdogo ni rahisi kuliko hapo. Fundi anabaki na sh. 4,000. Ikiwa kusuka na kushona kumemchukua siku mbili, analipwa sh. 2,000 kwa siku. Akienda kupalilia shamba la jirani hatapata chini ya hapo, na huko hahitaji mtaji.

Fundi akijiwekea sh. 8,000 kwa siku, gharama yote inakuwa sh. 27,000. Duka likiuza mara mbili ya bei hiyo, sh. 54,000, bado halijavunja sheria yoyote ya biashara. Kodi ya pango na mishahara ya mjini vinajulikana. Ubaya uko kwa duka linalouza sh. 54,000 hizo hizo huku likimlipa fundi sh. 15,000, kisha likilalamika kwamba ubora umeshuka na mafundi hawaaminiki. Hawaaminiki kwa sababu wamekwenda kupalilia.

MALI KAULI

Tatizo lililo baya kuliko bei ni mali kauli. Duka linachukua vifuniko kumi na kuahidi kulipa vikiuzwa. Kwa hesabu ya juu, fundi ameacha sh. 110,000 za malighafi kwenye rafu ya mtu mwingine. Vikikaa miezi mitatu, hana fedha za kununua waya wa mzigo wa pili, na vikirudishwa vimepauka kwa jua la dirishani, hasara ni yake peke yake.

Mwenye duka kubwa anaweza kubeba hatari hiyo. Fundi wa Mkula hawezi. Utaratibu ambao wauzaji waangalifu hupendelea ni malipo ya awali yanayolingana angalau na malighafi, salio likilipwa mzigo ukikaguliwa. Anayesema hana imani na fundi asiyemjua aanze na vifuniko vitano. Kwa vitano hata kukosea si kufilisika.

Mikopo ipo, ila kwa masharti yake. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Lakini msingi wake ni vikundi. Fundi anayefanya kazi peke yake, mwenye mkono wake na nakshi yake, analazimika kutafuta wenzake ili akopeshwe, na mara nyingine kikundi hicho kina msukaji mmoja na wajumbe wengi. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inabaki mlango wa kubisha kwa anayetaka mafunzo au kiwanja cha maonyesho.

Nakshi nayo ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi za sanaa zinazotumika nyumbani, zikiwemo za mikono. Mnunuzi anayechukua sampuli Mkula na kuipeleka ikanakiliwe kwingine hana budi kulijua hilo. Fundi naye aweke picha yenye tarehe kabla sampuli haijapanda basi.

MSIMU UNAPINGANA NA SOKO

Mahoteli hutaka mapambo mapya kabla ya Juni, watalii wanapoanza kufika kwa wingi. Maana yake kazi ifanyike Machi hadi Mei. Hiyo ndiyo masika ya Kilombero: ukindu haukauki, uliokauka unaota kuvu, na kila mwenye mikono yuko kwenye mpunga. Oda inayotolewa Machi kwa kawaida hutolewa na mtu ambaye hajawahi kuanika kitu chochote bondeni humo.

Ukindu ukatwe na kukaushwa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, na kuhifadhiwa mahali pakavu juu ya dari. Oda itolewe ifikapo Novemba. Hapo inabidi mtu anunue ghala dogo la ukindu miezi sita kabla ya kuuza. Mtu huyo, kwa haki, ni yule mwenye mtaji.

Malighafi yenyewe si ya kuchuma popote. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, na ruhusa ya wanavijiji kuokota kuni ndani yake ilikoma mwaka 2011. Msitu wa Magombera, upande wa bondeni, ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019. Tambarare ya mafuriko iko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002. Mnunuzi wa Ulaya atauliza mianzi au ukindu umetoka wapi, na jibu la "porini" litamfukuza. Mikindu inayoota mipakani mwa mashamba ndiyo inayofaa kutunzwa, na inayokatwa kwa zamu bila kuua kichwa cha mti huendelea kuzaa.

KWA WANAOTAZAMA NJE

Kifuniko kisafirishwe bila waya wala holda. Taa iliyokamilika ikiingia Umoja wa Ulaya inadaiwa alama ya CE na karatasi zake. Kifuniko kitupu kina mzigo mwepesi zaidi. Kwenye fomu za forodha wengi hukosea na kukiandika kama kikapu, namba 4602. Vifuniko vya taa viko Sura ya 94, namba 9405, hata vikiwa vya majani. Bidhaa za Tanzania huingia Ulaya bila ushuru chini ya mpango wa nchi zenye maendeleo duni ulioanza mwaka 2001, ili mradi uthibitisho wa asili ya bidhaa uwe sahihi.

Umbo la kawa lina faida ambayo ngoma ya mviringo haina: huingiliana kama vikombe. Makawa yanayotofautiana kidogo kipenyo hukaa mmoja ndani ya mwenzake, na sanduku linalobeba ngoma nne hubeba makawa mengi zaidi. Nauli ya ndege hutozwa kwa nafasi, kwa hiyo anayetoa oda aagize seti za vipimo vitatu badala ya kipimo kimoja.

Wanaotaka kuona kazi kabla ya kutoa oda wanaweza kuanza na maonyesho ya Nane Nane ya Morogoro, Agosti, wakati ukindu wa kiangazi unaanikwa na fundi ana muda wa kuzungumza bei.