Daftari la Maskauti

Mtoto akiingia katika kikosi cha maskauti, kiongozi humwandika daftarini: jina lake, umri wake, wazazi wake na mahali wakaapo, hata ugonjwa alio nao. Ya nini kuuliza habari za ugonjwa? Tuseme watoto wamekwenda kulala kambini, na usiku mmoja wao ashikwa na pumu. Kiongozi asiyejua habari zake atamsaidiaje? Lakini daftari lilo hilo likiachwa wazi mezani, kesho wenziwe watamcheka, na mtu mbaya aweza kuijua nyumba yao. Basi yafaa lifungiwe sandukuni, na ufunguo awe nao mtu mmoja au wawili. Siku hizi wengine huandika katika simu, nayo simu hupotea upesi kuliko sanduku.

Katika nchi ya Kenya, sheria ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kwanza. Tanzania nayo ilitunga yake mwaka 2022. Kiongozi hapati mshahara, lakini sheria haimwachi kwa sababu hiyo. Na mtoto akiisha kutoka kikosini, ukurasa wake usiokuwa na kazi tena huchomwa moto, usije ukaonekana sokoni umefungia maandazi.