Kidonge Kina Saa Yake: Kumuuguza Mzee Mwenye Maradhi ya Kutetemeka

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Majengo, makazi ya Waislamu wa tangu zamani, hadi magorofa ya Umoja na Kayole, tumekuwa tukiingia nyumba ambazo ndani yake mna mzee anayetetemeka. Aghalabu ni mzee aliyetoka Mombasa, Malindi au Lamu, akaletwa kwa mwanawe ili awe karibu na hospitali kubwa. Wasomaji wetu wengi wa pwani wana mzazi wa namna hiyo huko bara, na hao ndio hasa tunaowaandikia leo.

Katika nyumba hizo maradhi hupewa majina mengi. Huyu husema ni uzee, yule husema ni presha, mwingine hunong'ona kwamba mzee amechezewa. Jina lake la kitabibu ni ugonjwa wa Parkinson, kutokana na James Parkinson, tabibu wa London aliyeandika habari zake mwaka 1817 kwa kuwatazama wagonjwa 6, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu. Lakini kutetemeka kwa viungo kulijulikana kwa matabibu wetu kabla yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuzungumzia katika Qanun kwa jina la ra'sha.

Ndani ya ubongo mna chembe zinazotengeneza dopamini, kitu kinachouwezesha mwili kutii amri ya kwenda. Chembe hizo hufa polepole, na dalili zinapoonekana nyingi zimekwisha kutoweka. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, kwa kawaida upande mmoja kwanza. Hatua huwa fupi, uso hupoteza bashasha, sauti hufifia, mwandiko huwa mdogo. Wako wasiotetemeka kabisa, ila huwa wazito na wakakamavu wa viungo, na hawa ndio wanaoambiwa ni wavivu. Wengi hupoteza uwezo wa kunusa na hufunga choo miaka kadhaa kabla ya mkono kucheza.

Msidhani ni maradhi ya Wazungu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu zaidi ya 161,000, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba waliwakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote wanaumwa nini. Walikuwa nyumbani, wakingojea uzee uwamalize.

Maradhi haya hayana dawa ya kuyaondoa, lakini yana dawa ya kuyatuliza, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Dawa kuu ni levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Ilianza kutumika katika miaka ya 1960, na watu waliokuwa wameganda vitini wakasimama wakatembea. Siku hizi huchanganywa na kabidopa au benserazidi ili isipotee mwilini kabla ya kufika inakotakiwa, na ili kichefuchefu kipungue. Nguvu yake haidumu. Mwanzoni mgonjwa haoni tofauti akichelewa kidonge kimoja, lakini miaka ikipita, kila kidonge humchukua saa chache tu, kisha mwili hufunga kama mlango. Kwa hiyo saa ya kidonge ni sehemu ya dawa yenyewe.

Tumeona nyumba nyingi zikifunganisha vidonge na adhana. Nia ni njema, maana mzee hasahau adhana. Lakini hebu tuhesabu. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta, na nyakati za sala hazibadiliki sana mwaka mzima. Kutoka alfajiri hadi adhuhuri ni zaidi ya saa 7. Kutoka magharibi hadi isha haifiki hata saa 2. Anayemeza kwa adhana atakakamaa asubuhi nzima, na usiku atameza viwili vikiwa vimekaribiana mno. Katika nyumba moja ya Umoja, mkaza mwana alibandika kipande cha boksi ukutani, kando ya ratiba ya sala, akaandika saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, kama alivyopangiwa na daktari, na simu yake ikawa inalia kwa kila saa. Hatujaona njia iliyo bora kuliko hiyo. Mgonjwa wako atapangiwa saa zake mwenyewe.

Kidonge hiki kinapenda tumbo jepesi, nusu saa kabla ya chakula au saa moja baadaye, kwa maji. Nyama, maharagwe, samaki na maziwa huizuia levodopa njiani. Vyakula hivyo visikatwe, maana mgonjwa huyu hukonda. Vihamishiwe mbali na saa ya dawa, na kile kizito kiliwe jioni.

Wako wanaotuuliza habari za upupu. Ni kweli, mbegu za upupu, mmea ule ule unaowawasha watoto wetu mashambani, zina levodopa, na watabibu wa India waliutumia tangu kale. Lakini kiasi kilichomo hutofautiana mbegu kwa mbegu, na anayeuchanganya na vidonge huzidisha dawa bila kujua. Asiutumie mtu pasipo daktari wake kufahamu.

Hatari nyingine inatoka katika duka la dawa la mtaani. Mzee akitapika, hupewa Plasil, yaani metoklopramidi. Akiweweseka usiku, hupewa haloperidoli. Dawa hizi mbili huizuia dopamini, na zinaweza kumkakamaza mgonjwa kwa siku chache tu. Tajeni ugonjwa wenu kabla ya kununua chochote. Artane nayo ni rahisi kwa bei na hupunguza mtetemeko, ila kwa wazee huleta kusahau na kuchanganyikiwa. Levodopa yenyewe ikizidi humfanya mgonjwa aone watu wasiokuwepo chumbani. Hapo ndipo jini husingiziwa, vidonge hutupwa, na mzee hupelekwa kwa mganga. Kisomo kisomwe na kombe linywewe kwa anayependa, lakini vidonge visiachwe. Kuvikata ghafla huweza kuleta homa kali na ukakamavu unaoua. Daktari ndiye atakayepunguza, tena kidogo kidogo.

Hili linatufikisha kwenye Ramadhani, maana maswali huwa mengi. Kidonge kinachomezwa mchana hufunguza, na mgonjwa huyu amepewa ruhusa ya kula. Kwa kuwa maradhi yake hayatarajiwi kupona, hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula, wala hadaiwi kulipa. Tunawaona wazee wanaolia kwa kukosa saumu, na machozi yao tunayaheshimu, lakini mtoto asikubali kumwachisha babake dawa ili kumfurahisha. Katika sala pia, asiyeweza kuinuka kutoka sijida na akaswali kitini, sala yake ni timamu. Wengi wao hushikwa na kizunguzungu wanaposimama haraka, kwani presha hushuka, na nyonga iliyovunjika katika umri huo haiungi upesi.

Uuguzi wa nyumbani una hila zake. Mgonjwa husimama ghafla mlangoni, miguu kama iliyogundishwa sakafuni. Usimvute. Mwambie ahesabu moja, mbili, tatu, au mbandikie mistari ya tepu ya rangi sakafuni aivuke mmoja mmoja, na miguu itatii. Mikeka na mabusati yaondolewe anakopita. Choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho kilicho katika ploti nyingi za Eastlands, kiwekewe kiti chenye tundu. Anaposhindwa kumeza vizuri, aketi wima, tonge ziwe ndogo, na chai asipewe kwa gubio, kwani inayoteremkia mapafuni huleta nimonia. Afungaye choo apewe maji, papai na mboga, na azungushwe kila siku, hata kama ni ukumbini tu. Akifika kutojigeuza kitandani, ageuzwe kila baada ya saa 2 asije akapata vidonda vya kulalia.

Bondia Muhammad Ali alitambuliwa kuwa na maradhi haya mwaka 1984. Mwaka 1996 aliuwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima wala hakuuficha. Alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 74, baada ya miaka 32, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mkewe Lonnie alikuwa kando yake akimuuguza.

Miaka 32 si michache, wala hapa kwetu mara nyingi hakuna Lonnie. Mbebaji wa mzigo ni mkaza mwana. Tuliseme wazi, hata kama litawaudhi baadhi ya mavyaa na waume: kisheria, kuwahudumia wazazi ni wajibu wa watoto wao, wanaume kwa wanawake. Mkaza mwana anayemwogesha baba mkwe au mavyaa wake anafanya ihsani, na ihsani haidaiwi kwa ukali. Mtoto aliye Jeddah au Muscat anayetuma pesa kila mwezi anafanya vyema, ila pesa hazimgeuzi mgonjwa saa 8 za usiku. Basi sehemu ya pesa hizo imwajiri mtu wa kulala zamu. Walio Buruburu na Eastleigh wagawane siku. Mwenye Jumamosi aje Jumamosi, aonyeshwe lile boksi la saa ukutani, akabidhiwe vidonge na simu inayolia, na mwenye nyumba aende akalale.