Nyonga baiskeli uione Manchester isiyoonyeshwa kwenye TV

MASHABIKI wa Manchester United na Manchester City wa huku kwetu wanalijua jiji hilo kuliko wanavyoijua baadhi ya mikoa ya nchi yao. Mtu hajawahi kukanyaga Rukwa, lakini atakwambia Stretford End iko upande gani wa Old Trafford. Shida ni kwamba Manchester tunayoijua ni ya dakika 90. Kamera inaonyesha nyasi, benchi la ufundi, jukwaa, halafu matangazo ya kubeti, kipindi kimeisha.

Ipo Manchester nyingine, ile ya vitongoji vilivyozizaa timu zote mbili. Kwa wale wanaodunduliza nauli ili siku moja wakaone mechi kule, wasikimbilie basi la watalii. Wakodi baiskeli.

Sasa sikia. Kusini na mashariki mwa jiji kuna njia ya baiskeli na waenda kwa miguu inayoitwa Fallowfield Loop. Wenyeji wamelifupisha jina, wanaiita Floop. Ina urefu wa kilomita 13 hivi, sehemu kubwa ni lami, na ni tambarare karibu mwanzo mwisho kwa sababu zamani ilikuwa reli. Treni haipendi mlima, kwa hiyo hata wewe ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli ulikuwa darasa la sita, utatoboa.

Reli hiyo ilifunguliwa kwa awamu 1891 na 1892. Treni za abiria ziliondolewa 1958, za mizigo zikakoma 1988. Reli ikang'olewa, vichaka vikaota. Mahali pengine ardhi ya namna hiyo ingeshapimwa viwanja na kuuzwa kitambo, na sisi tunaoandika habari za michezo tunajua jinsi viwanja vya mtaani vinavyogeuka fremu za maduka huku watu wanaangalia. Huko wakazi walisimama kidete, shirika la hisani la Sustrans likaingia kazini, na miaka ya mwanzo ya 2000 njia ikaanza kutumika. Magari hayaingii. Barabara kubwa unazipita juu au chini ya madaraja yaleyale ya treni.

Anzia upande wa magharibi, kituo cha tramu cha St Werburgh's Road, Chorlton. Kutoka hapo Old Trafford iko kilomita chache tu kaskazini, lakini wewe geuza baiskeli uelekee mashariki. Miti imefunga pande zote mbili, nyuma ya miti ni migongo ya nyumba za matofali mekundu. Muda si mrefu unafika Fallowfield. Stesheni ya zamani sasa kuna supamaketi. Hapo shuka, funga baiskeli, maana hapa pana hadithi ambayo kila mpenda soka anapaswa kuijua.

Karibu na stesheni hiyo palikuwa na uwanja uliojengwa 1892 ukiwa na njia ya mbio za baiskeli. Machi 25, 1893, uwanja huo ulipewa fainali ya Kombe la FA, Wolves dhidi ya Everton. Ndiyo, fainali ya FA kwenye uwanja wa baiskeli. Uwanja ulitajwa kubeba watu 15,000. Mahudhurio yaliyoandikwa ni 45,000, na wengine wengi waliingia bila kulipa. Watu walijaa hadi pembeni mwa mistari, waliokuwa nyuma hawakuona kitu. Harry Allen akaifungia Wolves bao pekee, kombe likaenda Wolverhampton kwa mara ya kwanza. Huko nyumbani kwao kukajengwa nyumba zikaitwa Fallowfield Terrace.

Ungedhani waandaaji walipata somo. Wapi! Mwaka 1899 walipeleka tena hapohapo mchezo wa marudiano wa nusu fainali, Sheffield United na Liverpool. Watu wakamwagika uwanjani, mchezo ukavunjika Liverpool wakiwa mbele 1-0.

Baadaye, 1955, uwanja ulinunuliwa na Reg Harris, bingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli, kisha ukaangukia mikononi mwa chuo kikuu. Ulibomolewa 1994. Leo pale ni hosteli za wanafunzi. Ndiyo maana naona Floop ni kitu kikubwa kuliko inavyoonekana. Uwanja na reli vilizaliwa pamoja, mtaa mmoja, kizazi kimoja. Uwanja uliobeba fainali ya FA umekwenda. Njia ya reli imebaki kwa sababu tu kuna watu waliamua iwe ya wote.

Endelea kunyonga. Unapita Levenshulme, ambako jengo la stesheni ya zamani limegeuzwa mgahawa unaopendwa na waendesha baiskeli. Kunywa chai, jaza upepo. Mbele yako ni Gorton, na hapa wana-City wavue kofia.

Jirani na hapo, West Gorton, ndipo timu ya kanisa la St Mark's ilipoanza kucheza mwaka 1880. Vijana wa viwandani walikuwa na ulevi na ugomvi wa magenge ya mtaani. Anna Connell, binti wa mchungaji, alikuwa akiwakusanya wanaume wa mtaa kwa shughuli za kanisa, na kazi hiyo ndiyo hutajwa kuwa chimbuko la timu. St Mark's ikaja kuwa Gorton, ikawa Ardwick 1887, na 1894 ikaitwa Manchester City. Hiyo ndiyo timu ambayo leo wanaitania kuwa ya mafuta. Ilianza na vijana wa kupigana mitaani.

Gorton ina undugu na sisi pia. Kiwanda cha Beyer Peacock, kilichokuwa hapo hadi 1966, ndicho kilichounda vichwa vya treni vya mvuke aina ya Garratt vilivyokuwa vikivuta mabehewa kati ya Mombasa na Nairobi. Vile vya daraja la 59 vilikuwa 34, kila kimoja tani 250 na ushee, na vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja, Mount Gelai, kipo hadi leo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mlima wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kwa hiyo mzee aliyepanda treni ile miaka ya sitini alishavutwa na Gorton kabla City haijawa na shabiki hata mmoja mtaani kwake.

Ukipita bustani ya Debdale na mabwawa yake, Floop inaishia Fairfield, pembeni ya mfereji wa Ashton. Hapo kuna kijiji kidogo chenye barabara za mawe, kilichojengwa na Wamoravian mwaka 1785. Msomaji wa Mbeya au Tabora ameshatabasamu. Ni Moravian haohao, na wamisionari wa kanisa hilo kutoka Ujerumani walianza kazi Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule reli ya Fallowfield ilipoanza kufunguliwa. Kanisa na nyumba za kale bado zipo. Pita taratibu, watu wanaishi humo.

Nisikudanganye kwamba njia yote ni raha tupu. Kumekuwa na visa vya waendesha baiskeli kuporwa kwenye Floop, na giza likiingia wengi huikwepa, hasa wanawake wanaotoka kazini peke yao. Jambo lingine ni vizuizi vya chuma vilivyowekwa kuzuia pikipiki. Pikipiki inaweza kupata upenyo, ila mwenye baiskeli ya magurudumu matatu au kiti cha walemavu anakwama. Njia ya wote isiyopitika na wote hiyo bado ni kesi. Kipo kikundi cha wakazi, Marafiki wa Fallowfield Loop, kinachoisemea njia hiyo. Wewe mgeni nenda mchana, nenda na mwenzako, simu weka mfukoni.

Kutoka Fairfield fuata njia ya kando ya mfereji kuelekea magharibi. Zamani farasi walipita hapo wakivuta mashua za makaa ya mawe. Punguza mwendo kwenye milango ya maji, maana kuna miteremko mikali na maji yako mkono mmoja tu kutoka kwako. Baada ya kilomita chache uko Clayton, na mbele yako limesimama dimba la Etihad.

Ila kabla ya kupiga picha, ulizia Bank Street. Ni hatua chache tu kutoka Etihad, jirani na ukumbi wa mbio za baiskeli uliofunguliwa 1994. Hapo ndipo ulipokuwa uwanja wa Manchester United. Wana-United msishtuke. Newton Heath, timu ya wafanyakazi wa reli iliyoanzishwa 1878, ilihamia Bank Street 1893, ikabadili jina kuwa Manchester United 1902, ikachukua ubingwa wake wa kwanza wa ligi 1908 na Kombe la FA 1909 ikiwa hapohapo, huku moshi wa viwanda ukitanda uwanjani. Februari 1910 wakahamia Old Trafford. Leo kilichobaki ni kibao cha kumbukumbu ukutani. Kumbe uwanja wa zamani wa United na makao ya sasa ya City ni majirani kama Jangwani na Msimbazi.

Etihad yenyewe ilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002, ile ambayo Mtanzania Francis Naali alitwaa dhahabu ya marathoni. City walihamia mwaka uliofuata.

Jioni ukichoka, mfereji huohuo unakuingiza hadi katikati ya jiji. Tramu ipo pale mlangoni mwa Etihad, lakini baiskeli hairuhusiwi kupanda labda iwe ya kukunja, kwa hiyo ukikodi ya kawaida bakiza nguvu za kurudi.