Picha za maandalizi ya bibi harusi
Picha za maandalizi ya bibi harusi hupigwa anapopambwa kabla ya ndoa, bila kumpanga: mikono ikichorwa hina, nywele zikisukwa, pengine mama akifuta machozi.

Kwa familia nyingi za Kiislamu za Kigoma-Ujiji, manispaa yenye kata ya Katubuka, kama za pwani, chumba cha kupambia ni cha wanawake. Humo bibi harusi hukaa bila ushungi. Mpiga picha anayefaa ni mwanamke. Enzi za filamu ya picha 36, fundi wa studio aliyezisafisha aliziona pia. Leo simu ya mgeni mmoja yatosha kuzisambaza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini picha iliyokwisha kusambaa hairudi. Hivyo baadhi ya familia hukusanya simu mlangoni.