Istilahi ya Kupimia Ulinzi katika Mpira wa Kikapu

Mtafsiri wa habari za mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani hapati taabu kubwa kuitaja mitindo mikuu ya ulinzi. Ulinzi wa mtu kwa mtu humpa kila mchezaji mpinzani wa kumkaba. Ulinzi wa kanda humpa sehemu ya uwanja. Taabu huanza anapotakiwa kueleza mtindo upi ni bora, kwani kipimo chenyewe hakina jina.

Jumla ya pointi za mchezo hupotosha. Tuseme timu moja imefungwa pointi 55 wapinzani walipopata mpira mara 55, na nyingine pointi 70 katika mara 75. Magazeti yataisifu ya kwanza. Lakini kwa kila mara 100, ya kwanza hufungwa pointi 100, ya pili takriban 93.

Hiyo “mara” tuiiteje? “Umiliki” umekwisha kutwaliwa na kandanda, nako hupimwa kwa asilimia, hauhesabiki mmoja mmoja. “Shambulizi” huvutia, ila lina hatari. Ulinzi wa kanda, kama ule wa Chuo Kikuu cha Syracuse chini ya Jim Boeheim, kilichotwaa ubingwa mwaka 2003, huwalazimisha wapinzani kurusha kutoka mbali. Wakikosa, walinzi hawana mtu maalumu wa kumzuia asiufuate mpira unaorudi. Mshambuliaji huudaka akarusha tena. Tukilihesabu hilo kuwa shambulizi jipya, wastani wa pointi utashuka, na udhaifu wa ulinzi utageuka sifa.

Kwa hiyo tunapendekeza “zamu”. Zamu huanza timu ipatapo mpira, nayo haishi mpaka mpira uende kwa wapinzani, ama baada ya kufunga, ama kwa kukosa na wapinzani kuudaka, ama kwa kuupoteza. Marusho yote ya katikati ni zamu ile ile. Yuko atakayesema kuwa zamu ni ya askari wa lindo. Lakini mcheza bao na mcheza karata wanalo neno hili tangu zamani, kwa maana hii hii. Kipimo basi kitakuwa “pointi kwa zamu 100”.

Umebaki mtindo wa Dick Bennett, ambao mwanawe Tony alishindia ubingwa akiwa Virginia mwaka 2019. Mlinzi mmoja humbana mwenye mpira, wenzake wanne hurudi karibu na kikapu, ingawa kila mmoja ana mtu wake. “Mtu kwa mtu” halitoshi, na “kanda” si kweli. Kwa sasa tunatumia “ulinzi wa kusongamana”, mpaka makocha watupatie lililo bora.