KIBITI: Pipa la maji ni nafuu kuliko gereji

Wafanyabiashara wa kamba katika delta ya Rufiji wana sababu ya kuchoshwa na gereji. Mashine ya boti ikilala kwa fundi ikingoja kipuri kutoka Kariakoo, barafu inayeyuka na kamba wanaharibika. Kipuri chenyewe huenda kikawa cha bandia.

Chanzo mara nyingi ni chumvi. Maji ya bahari yanayopoza mashine yakikaukia ndani huziba njia, nayo mashine huchemka. Baada ya safari, mwenye boti aifunge mashine kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi, aiwashe taratibu dakika 10, huku akitazama kama pampu inarusha maji. Raba ya pampu hubadilishwa hata Nyamisati; silinda iliyoungua, hapana.