Mikisa ya mtumba inadondosha mafuta? Angalia grisi, halafu angalia sili

Hii ni kwa nyie mnaouza mashine ndogo zenye gia: mikisa za keki, za kusagia nyama, za karanga. Mimi nauza mikisa za mtumba mtandaoni, na nusura grisi iniharibie jina.

Dada mmoja anayepika keki za oda alinunua mikisa kwangu. Nilikuwa nimeifungua, nikakuta gia zimekauka, nikapaka grisi ya beringi za gari juu ya ile ya zamani. Nikafunga, nikapiga picha, nikatuma. Wiki ya tatu, Ijumaa usiku, naletewa picha: krimu nyeupe ina michirizi ya kahawia. Keki ya sendofu, inachukuliwa kesho yake asubuhi. "Kaka, umeniuzia nini?" Sikuwa na jibu. Nikamlipa hela ya keki, 120,000, na mikisa nikaichukua.

Tulipoifungua na fundi ndipo nikaelewa. Kumbe grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na kitu kama sabuni. Hizo sabuni ziko aina nyingi na nyingine hazipatani. Ukichanganya zisizopatana, grisi inalegea, mafuta yanaachia na kushuka na shafti mpaka kwenye bakuli. Na hata bila kuchanganya, mashine ikikaa stoo muda mrefu mafuta yanajitenga yenyewe. Sasa fikiria mtumba umekaa wapi na kwa muda gani.

Siku hizi natoa ya zamani YOTE. Nakwangua kwa kijiti, gia za chuma nazitoa na kuziosha kwa mafuta ya taa, nakausha mpaka harufu iishe. Za plastiki nafuta kwa kitambaa tu. Halafu naweka grisi ya mashine za chakula. Tafuta alama ya H1 kwenye kopo: maana yake ikigusa chakula kidogo kwa bahati mbaya, imeruhusiwa. H2 ni ya sehemu ambazo haziwezi kufika kwenye chakula kabisa, kwa hiyo hapa haifai. Uzito, kama kitabu cha mashine hakisemi vingine, mimi nachukua NLGI 2. Ni ghali kuliko ya gari, ndiyo, ila kopo moja linahudumia mashine nyingi. Na usijaze mpaka juu, grisi ikizidi inatafuta pa kutokea.

Kuna fundi alinishauri niweke oili namba 90. Nikakataa. Nyumba ya gia iliyotengenezwa kwa grisi haizuii oili, itavuja tu. Tena oili nyingi za difu zina dawa zenye salfa, na zikipata joto zinaweza kula gia ya shaba.

Sasa sili. Hapa watu wanapigwa sana dukani kwa kununua kwa macho. Sili ina namba tatu usoni, mfano 20-35-7: shafti milimita 20, tundu inapokaa 35, unene 7. Namba zikifutika, pima shafti na tundu kwa kalipa, usipime raba iliyochakaa. Uliza pia ni raba gani. NBR inavumilia mafuta na joto mpaka kama nyuzi 100, kwa mikisa inatosha. EPDM ikikutana na mafuta ya kawaida inavimba, na zote mbili huwa nyeusi, kwa hiyo rangi isikudanganye.

Ukifunga, upande wenye springi uangalie kwenye grisi. Paka grisi kidogo mdomoni, usiiingize kavu. Pitisha kucha kwenye shafti kwanza: ukikuta mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Sisi tuliisogeza kidogo ili mdomo ukae sehemu laini, ikakubali.

Kabla ya kutuma, naizungusha dakika 10, naiacha usiku kucha juu ya karatasi nyeupe. Asubuhi karatasi ikiwa safi, naipiga picha na kumtumia mteja pamoja na picha ya kopo la grisi. Ikiwa na doa, haiondoki dukani.

Yule dada nilimrudishia mikisa yake na picha ya karatasi. Alijibu "sawa" tu. Miezi miwili baadaye shoga yake akaja kuulizia mikisa, na swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu grisi.